Laptop 40 shuleni, seva hakuna! Nani alipitisha huu mpango?

Wakuu habari zenu, leo nina hasira kwelikweli. Shule yetu huku Rungwe ililetewa laptop 40 za wanafunzi, mgeni rasmi kakata utepe, picha zikapigwa, watu wakala pilau wakaondoka. Seva, yaani kompyuta kuu ya shule ya kuhifadhi na kugawa vitu kwa laptop zote, hakuna. Tumeachiwa ka-ruta kale ka nyumbani ka laini ya simu, watoto wote wakiunga kwa pamoja kanaganda.

Sasa kila laptop inajishushia apdeti zake yenyewe. Apdeti ya GB 1 mara 40 ni GB 40 za bando kwa kitu kilekile!! Ingekuwepo seva inashusha mara moja tu, laptop zote zinachota kwake humohumo shuleni. Na kazi za watoto zinakaa kwenye mashine yenyewe, ikifa kazi ya muhula mzima imekwenda, mtoto wa form two anakuangalia machozi yanamlengalenga we mwalimu huna la kumjibu, inauma sana hii.

Na mtu asiniambie seva ni gharama. Hatudai chumba chenye AC. Kolibri (ya masomo) na Kiwix (ya kusoma Wikipedia bila intaneti) ni programu za bure, zinakaa hata kwenye Raspberry Pi 4, kikompyuta kadogo ambacho chaja yake ni wati 15 tu, Wikipedia ya Kiswahili yote watoto wanasoma bila bando. Ongeza akses pointi ya maana (kile kifaa cha kurusha Wi-Fi), betri na inveta maana umeme wa huku mnaujua, na kinga ya radi, Tukuyu mvua zikianza mnajua wenyewe. Si bora wangeleta laptop 35 na seva juu?

Wala sio jambo jipya. Mradi wa One Laptop per Child, ule wa kimataifa wa laptop za bei nafuu kwa watoto, ulikuwa na seva yake ya shule, XS, inatunza nakala za kazi za watoto. Uruguay walipoanza Ceibal, mpango wao wa laptop kwa kila mwanafunzi, 2007 walipeleka laptop na intaneti mashuleni. Sisi mpaka leo mtu anahesabu laptop kwenye ripoti, basi kamaliza.

Nimeuliza, naambiwa subirini awamu ya pili. Lini? Bajeti yake iko wapi?

Mlioko Makete, Mufindi, Kyela, kama shule yenu ina seva inayofanya kazi semeni hapa nani alilipia na nani anaihudumia, naenda nayo kwenye kikao cha bodi.