Gari la zimamoto likipata ajali njiani kwenda kwenye tukio, kwenu mnaripoti vipi na nani anachunguza?

ZamuB
Wakuu habari za muda huu. Naomba mawazo yenu hasa nyie mlio kwenye vikosi vya zimamoto, iwe vya serikali, viwanja vya ndege, bandarini, viwandani, popote pale. Mimi ni mkuu wa zamu, kituo sitakitaja.

Wiki 3 zilizopita tulipigiwa simu kuna nyumba inaungua, usiku kama saa 2 hivi, tukatoka na gari la kwanza na boza nyuma yake. Boza lilikuwa na maji nusu tangi maana jioni tulitoka tukio lingine na hatukuwahi kulijaza. Kwenye kona ya kuingia mtaani dereva wa boza akagusa breki gari likavutwa kulia, akajitahidi kulirudisha likayumba, likapanda ukingo wa mtaro likabomoa kibanda cha chipsi ndo likasimama kwenye nguzo. Hakuna aliyekufa. Mwenye kibanda alikuwa ameenda dukani kuchukua mafuta, Mungu ni mkubwa. Askari wetu aliyekaa nyuma alipasuka juu ya jicho nyuzi 7, alikuwa anavaa koti huku gari linakwenda na mkanda hajafunga.

Sasa kilichoniuma ni kilichofuata. Asubuhi dereva akaitwa, akaandika maelezo karatasi moja, mwisho ikaandikwa "dereva alishindwa kulimudu gari", mhuri, imeisha hiyo. Mazungumzo yaliyobaki ni akatwe kiasi gani kwenye mshahara. Hakuna aliyeuliza kwa nini boza lilitoka na nusu tangi, hakuna aliyeuliza huyu mtu alikuwa kazini tangu saa ngapi, na hakuna aliyefungua daftari la ukaguzi wa asubuhi. Mimi nilifungua. Kuna mstari umeandikwa kwa peni ya bluu siku 9 kabla ya ajali, "breki inavuta kulia", na siku 4 baadaye tena maneno hayo hayo kwa mwandiko wa dereva mwingine. Pembeni pale fundi anapotakiwa kusaini ni peupe, mara zote mbili.

Na tangu siku hiyo madereva wameanza kuficha. Juzi nimekuta kioo cha pembeni cha gari la kwanza kimefungwa na tepu nyeusi kwa ndani, ukiuliza kila mtu anaangalia chini, kumbe dereva aligusa nguzo ya geti akanunua kioo kwa hela yake ili isijulikane.

Nimeambiwa nikiona kuna njia bora niandike mapendekezo. Nataka kuandika kitu cha maana, kwenu mnafanyaje?

Dereva Mstaafu
Pole sana afande, na huyo kijana mfikishie pole zangu kabla ya yote, maana nimekaa kwenye usukani wa boza miaka mingi najua usingizi anaolala sasa hivi.

Nianze na nusu tangi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji likijaa. Likijaa yale maji yanakaa, likiwa tupu huna mzigo. Likiwa nusu una tani 5 zinazotembea, ukikata kona zinakimbilia nje, ukirudisha usukani zinarudi zote kwa pamoja upande wa pili na hapo ndo gari linakuzidi nguvu. Zile kuta za ndani ya tangi zinasaidia lakini hazimalizi, na nyingine zimeoza kwa kutu hamjui mpaka tangi lifunguliwe. Wazee waliotufundisha walikuwa hawana mjadala, boza linatoka limejaa au halitoki, ukimaliza tukio unapitia kwenye haidranti (bomba la maji la zimamoto) au kisima ndo urudi kituoni. Kwa hiyo swali la kwanza la uchunguzi wenu ni nani aliruhusu boza liingie kituoni bila kujazwa, na afande wangu samahani lakini hapo jina lako na wewe litakuwepo.

La pili watu wanalisahau, ukigonga njiani ule moto uliokuwa unaukimbilia bado unawaka. Kitu cha kwanza ni redio, "tumepata ajali, tuma gari lingine kwenye tukio", ndipo uangalie majeruhi, ndipo mengine. Nimeshaona watu wanabishana na mwenye gari dogo barabarani dakika 10 wakati kule kuna familia inasubiri maji.

Halafu gari lisisogezwe mpaka trafiki wafike, isipokuwa limeziba njia kabisa au kuna mtu amebanwa. Piga picha kila upande, alama za matairi, taa, king'ora kilikuwa kimewashwa au la, gia ilikuwa namba ngapi, nani alikaa kiti gani na nani alifunga mkanda. Maelezo yachukuliwe ya kila mmoja peke yake, sio wote wakae benchi moja waandike hadithi moja. Majeruhi apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, siku ile ile hata kama anasema ni mkwaruzo, mgongo unakuja kuuma baada ya wiki.

PwaniMoto001
Salaam kutoka Mombasa. Bro ZamuB hiyo ya kumkata mtu mshahara kwanza halafu uchunguzi baadaye hata kwetu ilikuwepo, na matokeo yalikuwa hayo hayo, watu kuficha.

Huku zimamoto iko chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Ajali ikitokea kuna njia mbili na usizichanganye. Moja ni ya sheria, hiyo haina hiari, polisi wanakuja, unapata abstrakti (hati ya polisi kuhusu ajali), aliyeumia anajaziwa P3, fomu ya polisi ya majeraha. Na kwa sababu ni ajali ya kazini kuna ile sheria ya usalama na afya kazini ya 2007, mtu akifa mwajiri lazima aarifu afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24 na maandishi yafuate ndani ya siku 7. Njia ya pili ni ya ndani, na hii ndo inaokoa watu kama ikifanywa vizuri.

Ya ndani sisi tuna kamati ndogo. Anakaa dereva mmoja kutoka kituo kingine, fundi ambaye hakulihudumia hilo gari, na ofisa mmoja ambaye hakuwa kazini siku hiyo. Bosi aliyelituma gari hakai pale, anakuja kama shahidi kama wengine. Swali lao halianzi na nani ana makosa mbele ya korti, hilo ni la polisi. Wanauliza hivi, dereva mzuri wa kawaida na gari hilo, barabara hiyo, usiku huo, angeweza kuiepuka? Wakisema ndiyo wanaandika angefanya nini tofauti. Wakisema hapana wanaandika nini kilimzuia, na hicho ndicho kinarekebishwa.

Na kila kitu kinaandikwa hata kugusa ukuta. Mwanzoni watu waligoma, tukakubaliana ukileta mwenyewe kabla ya zamu kuisha hakuna barua, ukificha tukagundua hapo kuna barua. Baada ya miezi kadhaa tukapanga zile fomu mezani, yaani karibu zote ni za kurudisha gari nyuma, na nyingi ndani ya uwanja wetu wenyewe! Si barabarani, si kwa king'ora. Sasa hakuna gari linarudi nyuma bila mtu kushuka asimame nyuma upande wa dereva aonekane kwenye kioo. Dereva asipomuona anasimama hapo hapo. Ni kitu kidogo na hakikugharimu hata shilingi.

Kobe74
Naheshimu michango lakini msimlinde sana dereva. Spidi ilikuwa ngapi? Kwenye 60 kwa saa gari linakula karibu mita 17 kila sekunde, ukishtuka sekunde moja na nusu umeshapita mita 25 hata breki hujagusa. Madereva wengi wa magari ya dharura wakiwasha king'ora wanajiona barabara ni yao, mwenye bodaboda kavaa helmeti na masikioni ana muziki hakusikii. Mimi mdogo wangu aligongwa na gari la wagonjwa kwenye makutano, taa nyekundu, halikupunguza hata kidogo, mpaka leo anatembea na gongo. Uchunguzi usiwe kichaka cha kujificha.

ZamuB
Kaka Kobe74 pole sana kwa mdogo wako, na uko sahihi, spidi nimeiandika kama swali kwenye mapendekezo. Kwenye makutano hata kwetu agizo lipo, taa nyekundu unasimama kabisa, unahakikisha kila upande amekuona ndo unapita, king'ora ni cha kuomba njia. Aliyelewa, aliyekuwa kwenye simu, aliyepita taa nyekundu bila kusimama, huyo nidhamu imhusu wala sitamtetea. Ila huyu wangu aliandika mwenyewe kwenye daftari kwamba breki inavuta, ule mwandiko wa kwanza ni wake. Alitoa taarifa, haikusomwa, halafu ndo anaambiwa alishindwa kulimudu gari.

Mzee Mstaafu, la boza nimelipokea. Ni kweli nilikuwa zamu mimi na niliona geji. Nitaliandika hivyo hivyo.

MchaggaMassachusetts
Shikamoo wakubwa. Mimi nipo Marekani jimbo la Massachusetts, ni zimamoto wa kujitolea mji mdogo, kazi yangu ya kila siku ni nyingine.

ZamuB hiyo hadithi ya breki imenikumbusha Boston, Januari 2009. Gari la ngazi namba 26 lilikuwa linashuka mlima wa Mission Hill breki zikakataa, likavuka barabara kubwa ya chini likaingia kwenye ukuta wa jengo, luteni Kevin Kelley akafariki. Wangeweza kuishia kwa dereva. Lakini wachunguzi walifungua breki na mafaili ya matengenezo, wakakuta idara haikuwa na mpango wa maana wa kuyahudumia magari kabla hayajaharibika. Baada ya hapo mji ulibadilisha namna ya kuyatunza magari yake. Waliochunguza pale ni pamoja na taasisi ya serikali kuu ya usalama na afya kazini inayoitwa NIOSH, iliyoanza kufuatilia vifo vya zimamoto kazini mwaka 1998. Ripoti zao ukizisoma hazitaji majina wala hazitafuti wa kumfunga, zinasema kilichochangia ni hiki na hiki, na idara nyingine zifanye hivi. Sisi huku tunazisoma kituoni jioni kama mafunzo.

Na kwa huyo askari aliyepasuka juu ya jicho, Amarillo, Texas, Aprili 2005, kijana wa miaka 27 alikuwa anavaa vifaa ndani ya gari linalokwenda kwenye moto, mlango ukafunguka akadondoka barabarani, siku 2 baadaye akafariki. Baada ya kifo chake vituo vingi vikaanza kusainishana ahadi ya mkanda. Kwetu sheria ni moja, unavaa koti gari likiwa limesimama, unafunga mkanda, ofisa wa mbele anageuka anawahesabu, ndipo anamwambia dereva twende. Sekunde 20 zinapotea, ndiyo.

Mwaka huo huo wa 2005 ulianza pia mfumo wa nchi nzima wa kuripoti zile za nusura, gari limekosa kupinduka, mtu amekosa kukanyagwa. Unaandika bila hofu ya kuadhibiwa. Hilo la kioo na tepu nyeusi lingekuwa ripoti ya nusura nzuri kabisa.

Fundi Breki za Upepo
Nimepita nikaona breki. Mkuu gari likivuta kulia ukikanyaga breki maana yake mara nyingi kushoto ndo hakushiki. Msikimbilie kukaza ya kulia wala kulegeza. Fungua tairi ya mbele kushoto angalia kama sili ya habu (mpira unaozuia mafuta kwenye kitovu cha tairi) imevuja mafuta yakaingia kwenye kitambaa cha breki, angalia na kile kikombe cha upepo kama ngozi ya ndani imetoboka. Na iwe kabla karakana hawajalitengeneza, wakishaosha na kubadilisha ushahidi umeondoka, hata kama hawana nia mbaya.

ZamuB
Nimerudi wakuu. Niliposoma ujumbe wa Fundi jana nilipiga simu usiku ule ule gari lisiguswe. Leo asubuhi tumelifungua mbele ya trafiki na fundi kutoka nje ya kituo. Kushoto mbele, ngoma ilipotoka ukapeleka kidole kwenye kitambaa cha breki kinarudi cheusi kimelowa, sili imepasuka, mafuta yametiririka mpaka kwenye rimu kwa ndani na vumbi limeganda juu yake. Fundi anasema hilo vumbi sio la wiki moja. Nimepiga picha 16, kitambaa tumekiweka kwenye mfuko, tumeandika tarehe na tumesaini watu 3.

Dereva alikuwepo. Hakusema kitu, aliangalia ile rimu muda mrefu halafu akaomba aende kukaa nje.

Mapendekezo nimeanza. Daftari la asubuhi lisomwe na mkuu wa zamu kabla ya saa 3 na kasoro ya breki, usukani au tairi gari linasimama mpaka fundi asaini, nusu tangi marufuku, mkanda kabla ya kutoka, kamati kama ya Pwani. La kukatwa mshahara nimeomba lisitishwe mpaka kamati ikae, na nimeambatanisha maelezo yangu mimi kuhusu maji.

Kuna moja bado linanisumbua. Yule mama wa chipsi hadi leo hajalipwa, anakaanga chini ya mwavuli mbele ya kibanda chake kilichovunjika na kila tukipita anatupungia mkono. Kwenu mtu wa nje aliyeharibiwa mali na gari la zimamoto anaanzia ofisi gani, na inachukua muda gani? PwaniMoto, MchaggaMassachusetts, yeyote anayejua naomba aandike hapa, kesho saa 4 naonana na wakubwa nataka niingie na hilo pia.