Tupeane uzoefu: nini kilikushika usirudi chini baada ya kunyanyuka?

Mtoto wa Micheweni:
Assalaam aleikum nyote. Mimi nimekulia kwenye mawe huku kwetu Pemba, mama akiponda kokoto kwa nyundo na kuuza kwa ndoo. Tangu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ufike kwetu nimeona kaya nyingi zikinyanyuka: watoto wanakwenda skuli, wachanga wanapelekwa kliniki, pesa inakuja. Nimeona pia kaya zikirudi palepale kwa jambo moja tu, mtoto kulazwa au mwani kufa. Kwa hiyo leo siulizi nani alikusaidia. Nauliza, lilipokuja pigo la pili, ulishikilia nini? Semeni kwa kirefu, na msione haya kutaja kiasi.

Mkulima wa Mwani, Kiuyu:
Waalaikumu salaam mwanangu. Mimi niliweka kamba zote mwani wa kotonii kwa sababu bei yake inapita ya aina ya pili, spinosumu. Bamvua likija, maji yakatoka mbali, nashuka pwani, nafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, mpaka vidole vinavimba. Msimu mmoja wa joto maji yakawa vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Mwani ukaota weupe kwenye ncha, ukalainika, ukakatika wote ukaenda na mkondo. Pesa ya mpango ilikuwa imeshakwenda kwenye unga. Nikabaki na kamba tupu na deni la dukani.

Kilichonishika ni sanduku letu la kuweka na kukopa. Tuko wanawake 22, tunakutana kila Alhamisi baada ya alasiri. Kufuli ni tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Hisa ni shilingi 2,000, lakini mbali na hisa kila mtu anatoa 500 ya mfuko wa jamii, wa kusaidiana kwenye shida, na huo hauna riba. Nilipewa 40,000 siku ileile, wala hakuna aliyenihoji. Nikanunua mbegu ya spinosumu. Bei yake ndogo, lakini joto inalistahimili zaidi. Tena nikaacha kuanika mchangani. Nimejenga chanja ya miti, mwani unakauka bila mchanga, na mnunuzi hapati la kunikata bei.

Kijana wa Konde:
Kwangu ni kuku. Nilinunua 12, ugonjwa wa mdondo ukaniachia mmoja. Pesa iliyofuata kila mtu aliniambia ninunue kuku wengine. Nikatafuta chanjo kwanza. Ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Unamlaza kuku ubavu, unasubiri apepese jicho ndiyo umwachie. Chupa ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo tunachanga majirani kumi na tunachanja asubuhi moja, nyumba kwa nyumba. Asiyechanja anatuweka hatarini sote, na hili inabidi tuambiane bila kuoneana haya.

Mjukuu wa Mtambile:
Bibi yangu anapata pensheni jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa 20,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Watu waliiona ndogo. Lakini kabla yake, kila mwaka bibi alikuwa akikodisha mikarafuu yake karafuu zikiwa bado changa, kwa bei ya shida, kwa sababu ndani hamna mchele. Akija kuona wenzake wanachambua karafuu zake analia. Mwaka ule wa kwanza wa pensheni hakukodisha. Tulichuma wenyewe, tukachambua usiku kwa taa, tukaanika majamvini, na karafuu kavu akazipeleka mwenyewe kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Nilimbebea gunia. Sijapata kumuona bibi akitembea vile.

Muanika Dagaa, Mangapwani:
Mimi nitasema kinyume, kwa sababu mimi nilianguka. Nilikopa mjini, kwa mtu anayetaka marejesho kila wiki, nikanunua dagaa wabichi, kuni na chumvi. Nikachemsha, nikaanika. Mvua ikapiga siku mbili mfululizo na dagaa wakaoza. Marejesho hayakungoja jua. Niliuza kitanda, baadaye cherehani ya mke wangu, na ile cherehani ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Wanaosaidia kaya wafikirie hili: mtu akipewa mtaji wa kazi moja bila akiba ya siku ya mvua, umempa na deni.

Mama wa Kiuyu, nakuuliza kwa heshima. Hapa tuko waanikaji saba tunaoaminiana. Tunaweza kuanza sanduku?

Mkulima wa Mwani, Kiuyu:
Pole sana mwanangu, na umpe pole mke wako. Saba wachache, ugonjwa mmoja utamaliza mfuko. Tafuteni mfike hata 15, na wasiwe waanikaji watupu, maana mvua ikinyesha mtakwama nyote siku moja. Mtie muuza maandazi, mtie fundi. Wiki za mwanzo wekeni mfuko wa jamii tu, mikopo baadaye. Na huyo mkeo mwenye kushona ndiye awe wa kwanza kuandikwa. Mkipata daftari niambie, nitakuonesha tunavyopiga mihuri ya hisa.