"Adverse" kwa Kiswahili ni nini hasa? Natafsiri fomu ya ridhaa ya wagonjwa wa kifua kikuu

Tabibu mwanafunzi, Tanga

Habarini wakuu. Nipo mafunzo ya vitendo kwenye kituo cha afya, na nimekabidhiwa kutafsiri fomu ya ridhaa ya utafiti wa dawa za kifua kikuu. Kiingereza chake kinarudia neno moja kila ukurasa: mara "adverse event", mara "adverse reaction", mara "side effects" na "adverse effects" kwenye sentensi moja. Mwishoni, kwenye kipengele cha nauli ya mgonjwa aliyeshindwa kufika kliniki, kuna "adverse weather".

Kamusi inanipa "-baya", "-a kudhuru" na "-a kupinga". Nikiweka "madhara" kila mahali, fomu inatisha na hakuna atakayesaini. Nikiweka "maudhi madogo madogo" kama tunavyozoea kusema kwenye dirisha la dawa, naona namficha mgonjwa, maana humo humo kuna habari za ini kuumia. Na washiriki wengi watasomewa fomu na muuguzi, hawataisoma wenyewe, kwa hiyo lazima ieleweke kwa kusikia mara moja.

Je, kuna neno moja la Kiswahili linalobeba yote, au nibadilishe kila linapotokea? Na "averse" ni hilo hilo limeandikwa vibaya?

Mdau wa lugha

Weka "athari hasi" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni sanifu na linaenea kila mahali.

Mfamasia wa zamu

Mdau, naheshimu usanifu, lakini kwa fomu hii siliungi mkono. Mgonjwa wa kifua kikuu ameshapimwa makohozi. Kwake yeye "hasi" ni majibu ya maabara, na majibu hasi ndiyo anayoyaombea. Umsomee "dawa hii inaweza kuleta athari hasi" atashukuru na kusaini.

Mwanafunzi, mimi nimekaa dirisha la dawa miaka mingi na fomu za taarifa za dawa kwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nimezijaza kwa mkono wangu, kwa hiyo hili naliona kila siku. Shika jambo moja: "adverse" inasema tu kwamba kitu kimekuja kinyume na kile unachokitaka. Haisemi nani kakileta, wala haisemi ni kikubwa kiasi gani. Hayo yanasemwa na maneno yanayokaa nayo jirani, na ndiyo maana neno moja la Kiswahili halitakutosha.

Chukua "adverse event". Kwa matumizi ya WHO ni tukio lolote baya la kiafya linalompata mtu baada ya kutumia dawa au kuchanjwa, iwe dawa ndiyo chanzo au siyo. Mshiriki wako akianguka na bodaboda siku ya tatu ya dozi akavunjika mguu, hilo ni "adverse event" na litaandikwa. Huenda bodaboda iliteleza tu, huenda dawa ilimpa kizunguzungu. Hujui bado, ndiyo maana unaandika. Ukiita "madhara ya dawa" umeshatoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Kwenye chanjo jambo hili ni zito zaidi. Mtoto amechanjwa asubuhi, usiku ana homa. Inaweza kuwa chanjo, inaweza kuwa malaria iliyokuwa imeshaingia tangu juzi. Mama akisikia muuguzi mwenyewe anatamka "madhara ya chanjo", mtoto anayefuata hamleti. Andika "tukio baya la kiafya".

"Adverse reaction" ni hatua nyingine: hapa dawa inashukiwa. Maana ya WHO ya mwaka 1972, ambayo bado inafundishwa, inasema ni mwitikio wa mwili wenye kudhuru, usiokusudiwa, unaotokea kwa dozi ya kawaida. Kwa maana hiyo, mtoto aliyeikuta chupa ya dawa akainywa yote hayumo. Hapo neno "madhara" lina haki yake: "madhara yanayoshukiwa kuletwa na dawa". "Adverse effects" nayo iende na "madhara". Usiogope kuliandika. Mgonjwa ana haki ya kulisikia pale linapostahili.

"Side effect" ni athari yoyote ya dawa isiyokusudiwa, hata isiyodhuru, na "maudhi" linakaa hapo vizuri. Mfano umo kwenye dawa zako hizo hizo. Rifampicin inageuza mkojo rangi ya chungwa, na jasho na machozi pia. Hakuna kinachoharibika. Lakini asipoambiwa! Mzee mmoja alinijia dirishani na fulana nyeupe ndani ya mfuko wa kaki, kwapani imegeuka rangi ya chungwa, akaikunjua juu ya kaunta polepole akaniuliza kwa sauti ya chini kama damu imeanza kutoka kwenye jasho. Alikuwa ameacha kumeza. Hakuna aliyemwambia neno hata moja siku anaanzishiwa dawa, na hilo liliniuma sana, kwa sababu lingemalizwa na sentensi moja.

Sasa linganisha na isoniazid, inayoweza kuleta ganzi na kuchomachoma nyayoni, ndiyo maana tunaisindikiza na pyridoxine, yaani vitamini B6. Au ini: isoniazid, rifampicin na pyrazinamide zote zinaweza kuliumiza. Macho kuwa ya njano, kutapika, kukosa kabisa hamu ya kula. Ukiyaita hayo "maudhi madogo madogo" mgonjwa atavumilia nyumbani mpaka achelewe. Hofu yako ya kumficha ni ya kweli. Isikilize.

Mwalimu wa Kiingereza, Unguja

Shikamoo mfamasia, umesema kweli. Naongeza upande wa lugha.

Asili ni Kilatini: "ad" ni kuelekea, "vertere" ni kugeuza. Kitu kilichokugeukia, mkatazamana. Warumi waliliweka kwenye upepo, na sisi watu wa pwani jina lake tunalo: upepo wa omo, ule unaokupiga kwenye gubeti la chombo. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na kwake upepo wa omo haukuwa upepo mbaya. Kusi inayomtesa anayeshuka Dar es Salaam kutoka Pemba ndiyo hiyo hiyo inayomfikisha Mombasa aliyetoka Dar. Ubaya unatokana na unakokwenda wewe. Kwa hiyo ukikutana na "adverse" jiulize kwanza: kinyume na nani, anayetaka nini?

"Adverse weather" ya fomu yako usiite "hali mbaya ya hewa" ukaishia hapo. Masika ikikata barabara ya milimani, mkulima anafurahi, mgonjwa anakosa kliniki. Kinachokusudiwa ni safari, basi andika "hali ya hewa ikichafuka kiasi cha kuzuia safari". Hapo hata mhasibu wa nauli atajua alipe lini.

"Averse" si kosa la uandishi, ni neno lingine. Hili ni la kugeuka ukatoa mgongo. Husemwa juu ya mtu na moyo wake: "she is averse to injections", hapendi sindano, anazikwepa. "Adverse" husemwa juu ya hali, matokeo, hukumu, upepo. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hulichanganya kwenye insha kila mwaka, na huwaambia watafute kama sentensi ina mtu anayekataa kitu. Akiwepo, mara nyingi herufi d haimo.

Karani wa ofisi ya wakili, Nakuru

Hamjambo. Kwetu Kenya neno hili wengi tumelijulia kwenye mashamba: "adverse possession". Nalitaja kwa sababu linathibitisha maneno ya mwalimu kwamba "mbaya" si tafsiri yake.

Kwa Limitation of Actions Act, Sura ya 22, mtu akikaa kwenye ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwingine kwa miaka 12, waziwazi, bila nguvu, bila ruhusa na bila kukatizwa, anaweza kwenda mahakamani kuomba asajiliwe yeye kuwa mwenyewe. Ardhi ya umma haichukuliwi kwa njia hiyo. Sasa huyo mkaaji huenda ni jirani mwema kabisa, amepanda miti na kuchimba kisima. "Adverse" haimtukani. Inasema amekaa kinyume na haki ya mwenye hatimiliki.

Na hapo ndipo watu wengi huumia. Huja ofisini na risiti za mbolea, picha za nyumba ya mabati, hata kadi za kliniki za watoto waliozaliwa pale, wakiamini kwamba miaka pekee inatosha. Swali la kwanza tunalowauliza ni: nani alikuruhusu kuingia? Akijibu "shangazi alinipa nilime", madai yanakuwa membamba hata kama amekaa miaka 30, kwa sababu alikaa kwa hisani ya shangazi, hakukaa kinyume naye. Neno hilo moja la Kiingereza ndilo linaloamua, na gazetini huandikwa "umiliki haramu" tu. Haramu haimo humo. Mimi husema "umiliki kinyume na mwenye hati".

Tabibu mwanafunzi, Tanga

Asanteni sana wote. Nimeacha kutafuta neno moja. Hii ndiyo rasimu:

"Dawa hizi zinaweza kuleta maudhi, kwa mfano mkojo na jasho kuwa rangi ya chungwa. Hayo hayadhuru mwili. Zinaweza pia kuleta madhara, hasa kwenye ini. Ukiona macho yamekuwa ya njano, au unatapika na huwezi kula, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Tutaandika pia tukio lolote baya la kiafya litakalokupata wakati wa utafiti, hata kama halikuletwa na dawa."

Limebaki "serious adverse event", na mstari wa chini yake "severe". Mimi naona yote mawili ni "kali".

Mfamasia wa zamu

Rasimu nzuri. Hayo mawili yatenganishe, ni muhimu sana.

"Severe" ni ukali wa dalili yenyewe. "Serious" ni matokeo: kifo, kuwa hatarini kufa, kulazwa au kuongezewa siku za kulazwa, ulemavu, au mtoto kuzaliwa na kasoro. Kichwa kinaweza kumuuma mtu vikali asilale usiku kucha, na bado kisiwe "serious". Mwingine anaingia anatembea mwenyewe, haumwi popote, lakini vipimo vya ini vinalazimisha alazwe. Huyo ni "serious". Kwa hiyo "kali" ibaki kwa "severe", na "tukio zito" iwe kwa "serious", kisha uzito huo uueleze kwa kutaja hayo matokeo. Ukiliacha bila maelezo, kila msomaji atalipima kwa mizani yake.

Ongeza jambo moja kwenye sentensi ya maudhi: asiache dawa kwa sababu ya rangi ya mkojo, maana dozi ikikatwa njiani vimelea hujenga usugu. Kwa macho ya njano iache kama ulivyoandika, aje siku hiyo hiyo, na daktari ndiye ataamua kama dawa zisimame.

Kabla ya kuipeleka kamati ya maadili, msomee mtu asiye wa afya, mama anayeuza chakula nje ya kituo anafaa kabisa, kisha funika karatasi akusimulie kwa maneno yake. Akikwambia "dawa hii inaumiza ini la kila anayeitumia", ile "zinaweza" imempita na unahitaji kuiandika upya.