Ndoano gani ya tilapia wadogo? Tumeenda mara mbili na kijana na tumerudi mikono mitupu

BabaTy_Kasarani
Wadau habari zenu. Naomba ushauri kwa wenye wamevua na fimbo. Kijana wangu ana miaka nane na tangu shule zifunge ni samaki tu, samaki tu, so nikanunua seti kwa duka moja hapa tao. Fimbo ni ya futi kumi na ni nzito, akiishika dakika tano mkono unamuuma. Uzi ni ule mnene ukiutoa kwa rili unabaki umejikunja kama springi, na ndoano ni kubwa nyungunyungu mzima anaingia na nafasi inabaki. Tumeenda bwawa moja ya kulipia huko Limuru wikendi mbili. Kaboya kanatikisika tik tik tik, ukivuta ugali umeisha na hakuna kitu. Na samaki nawaona kabisa hapo kando, wa saizi ya kiganja. Kijana hakulia, alinyamaza tu kutoka Limuru mpaka Kangemi, na hiyo ndio iliniuma. Nimebakisha kama elfu tatu, nibadilishe nini kwanza?

NyarDunga
Ndoano kwanza kaka, hiyo ingine yote ingoje. Angalia mdomo wa tilapia wa saizi ya kiganja, hata kidole chako kidogo hakiingii vizuri, sasa yeye anafyonza chambo, akisikia chuma anatema, anarudi anadonoa pembeni mpaka ugali uishe. Hiyo tik tik yako ndio hiyo. Uliza namba 10 au 12, na ujue namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo, watu wengi hununua 2 wakidhani ndio ndogo. Mimi nimekulia Dunga, Kisumu, tukiwa watoto tulikuwa tunavua fulu, wale samaki wadogo wa ziwa, kando ya maji na kijiti tu, uzi umefungwa kwa ncha, hakuna rili, na tulikuwa tunarudi nyumbani na mboga. Siku hizi fulu si wengi vile, mbuta, yule sangara mkubwa, aliwamaliza, lakini mdomo mdogo ni mdomo mdogo, iwe fulu iwe ngege, yaani tilapia.

Mshipi_Thika
Naunga mkono dada hapo juu, halafu uzi. Tafuta nailoni ya kubeba kilo mbili, kwa karatasi yake utaona imeandikwa milimita 0.18 hivi, inatosha kabisa. Huo mnene samaki anauona, na ndoano ndogo ukiifunga kwa kamba nene chambo kinakaa kama kimesimamishwa na waya. Kaboya nako watu hukosea sana. Chukua kale kembamba kama kalamu, halafu ufinye turisasi tudogo, vile vizito vya kuzamisha, kwa uzi, kamoja kamoja, mpaka kazame kabaki na ncha tu juu ya maji. Hapo samaki akivuta kidogo tu ncha inapotea na unajua. Kama kaboya ni kanene na kanaelea kote, samaki anasikia kakimvuta anaachilia kabla hujaona chochote. Pesa ikibaki mtafutie mtoto fimbo nyepesi ya futi sita na rili ndogo ya saizi 1000 au 2000, ama umkatie mwanzi, hapo kando ya bwawa hakuna haja ya kurusha mbali.

Tigoni_Kwetu
Mlienda saa ngapi? Huku kwetu asubuhi ni baridi na tilapia ni samaki wa joto, maji yakishuka chini ya digrii 20 anapunguza kula sana. Njoo saa tano jua likiwa limeshika, kaa upande wenye maji si ya kina. Ugali uukande na unga kidogo wa ngano ushikane, weka kadonge kadogo kuliko njegere, ncha ya ndoano ichungulie. Nyungunyungu mkate, kipande cha urefu wa kucha. Na tafadhali usimpeleke Naivasha bado, viboko si wa kuchezea na mtoto, na huko lazima uwe na leseni pia.

BabaTy_Kasarani
Tulikuwa tunafika saa moja na nusu!! Asanteni sana. Leo nimepata namba 12, kumi kwa pakiti, na uzi wa 0.18, pesa imebaki. Nimeiweka moja kando ya ile ya zamani kwa meza, hii mpya inatoshea yote ndani ya ule mkunjo wa ile ingine. Kijana ameshachimba nyungunyungu kwa kopo. Jumamosi tunaenda, ila naogopa hizi ndogo zitamdunga.

NyarDunga
Chukua koleo ufinye ule mwiba mdogo wa ndani ya ndoano ulale. Ikimdunga inatoka bila kurarua, na samaki mchanga pia anatoka mzima mnamrudisha. Mwambie tu asilegeze uzi akishavuta. Mtuletee majibu Jumamosi jioni.