Raba ya kuanzia kukimbia: mtumba, mpya ya dukani, au nijichange?

Kengewa
Wakuu, salaam. Nina miaka 41, kilo 88, kazi ya kukaa kutwa. Presha imeanza kunichungulia, daktari kasema nisogeze mwili. Wiki ya tatu sasa natoka Chumbageni, hapa Tanga, alfajiri, napita Bombo mpaka Raskazone: dakika mbili mbio, dakika mbili mwendo. Navaa raba za kitambaa, zile za soli bapa, na miundi imeanza kuuma.

Nimeona njia tatu. Kuna Asics ya mtumba huku Ngamiani, kisigino kimelika kidogo, muuzaji anataka 55,000. Kuna mpya dukani, 40,000, ina alama ya kampuni kubwa na inang'aa kama sahani ya harusi. Halafu shemeji yuko Dar, ananiambia nijichange hadi laki mbili na nusu aniletee halisi. Mfukoni nina 80,000. Ninyi mngechukua ipi?

FundiSoli
Mimi ni fundi viatu, hiyo ya 40,000 naijua bila kuiona. Inakuja kwangu baada ya mwezi, juu bado inang'aa, soli imefunguka mdomo. Gundi siyo shida, hiyo naipaka. Shida ni sponji. Kiatu cha kukimbilia kimebebwa na lile tabaka la katikati, kati ya soli ya chini na mguu. Kwenye hizo feki ni gumu tangu siku ya kwanza, au laini ya kudanganya inayolala wiki ya pili ikagoma kuamka.

Hata hivyo usikimbilie mtumba kwa kuwa ni halisi tu. Sponji hufa kwa matumizi na hufa kwa umri, hata kiatu kikae kabatini. Fanya hivi. Kiweke juu ya meza, kitazame kwa nyuma: kikiegemea upande, kiache, mwenzio ameshakikunja kwa mguu wake. Bonyeza ubavu wa sponji kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi kama ngozi ya tende, imekwisha. Kikunje: kinatakiwa kupinda pale vidole vinapopinda. Kikipinda katikati ya unyayo kama chapati, rudisha. Mwisho toa soli ya ndani, uone kama nyayo za mwenyewe wa kwanza zimechimba mashimo. Kisigino kulika kidogo hakunitishi.

MzeeWaPeku
Viatu, viatu! Sisi tulikimbia mchakamchaka peku na hakuna aliyelia muundi. Abebe Bikila alichukua dhahabu ya marathoni Roma 1960 bila kiatu. Vua hizo raba kijana, shuka mchangani.

DadaSahare
Shikamoo mzee wangu. Bikila huyohuyo miaka minne baadaye, Tokyo 1964, alivaa viatu na akashinda tena. Halafu yeye hakuwa na kilo 88 za kukaa ofisini.

Kaka Kengewa, mimi nakuomba utazame kipimo kuliko jina. Nilipoteza kucha mbili kwa kununua saizi yangu ya viatu vya kazini. Mguu huvimba ukikimbia, na kwa joto hili letu la pwani huvimba zaidi. Nenda kujaribu jioni, si asubuhi, na soksi utakayokimbilia. Simama wima (siyo kukaa), mbele ya kidole kirefu kibaki kipande cha upana wa dole gumba. Kirefu, nasema, maana kwa wengine cha pili ndicho kirefu. Kisigino kisichezecheze.

Namba za Ulaya, Uingereza na Marekani zitakuchanganya, na kila kampuni ina zake. Ndani ya ulimi wa kiatu tafuta sentimita. Pima mguu ukutani kwa rula, ongeza karibu sentimita moja.

Mkonge88
Chukua zile zenye bamba gumu la kaboni ndani ya soli, mambo yaishe. Alphonce Simbu wetu alivyobeba dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025 unadhani alivaa mtumba?

DadaSahare
Simbu alikimbia kwa saa 2:09:48, akamzidi Mjerumani kwa sehemu ndogo ya sekunde, muda uleule ubaoni. Yule anatafuta kufumba na kufumbua. Mwenzetu anatafuta kufika Raskazone. Viatu vile ni vya mashindano, sponji yake nyingi hudumu muda mfupi, na bei yake utanunua baiskeli.

Tibamaungo
Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, niongeze mawili.

La kwanza, muuzaji akikwambia "una unyayo bapa, unahitaji cha aina hii", usimwongezee bei. Jeshi la Marekani liliwahi kuwagawia askari wapya viatu kulingana na upinde wa unyayo, kundi lingine wakapewa aina moja wote. Majeraha hayakupungua kwa maana yoyote. Kiatu kinachokukaa vizuri ukakisahau mguuni ndicho chako.

La pili, hesabu. Kiatu cha kukimbilia kwa kawaida hudumu kilomita 500 hadi 800. Wewe ukienda kilomita 3 mara tatu kwa wiki, ni 9, kwa mwaka kama 470. Mtumba uliobakiwa na nusu ya uhai unakuvusha zaidi ya miezi sita. Laki mbili na nusu ya nini sasa hivi, kabla hujajua kama mwezi wa sita bado utaamka?

Ila miundi hiyo haitaponywa na kiatu peke yake. Umeongeza mwendo haraka. Pumzika siku tano, sita, rudi kwa nusu. Na ukibonyeza mfupa ukakuta sehemu moja tu, ndogo, inauma sana, usikimbie. Nenda hospitali, huenda ni ufa.

FundiSoli
Na masika yakikushika njiani, usianike juani. Jua na chumvi ya bahari ndivyo vinavyoniletea wateja. Suuza kwa maji baridi, jaza magazeti ndani, weka kivulini.

Kengewa
Nimerudi, ahsanteni. Nilikwenda jana saa kumi na mbili jioni na rula mfukoni, muuzaji akanicheka. Mguu wangu 26.5, kiatu kimeandikwa 27.5. Akasema, "Kikubwa hicho mjomba, utakivua njiani." Nikasimama, dole gumba likaingia sawasawa. Sponji inarudi ukiibonyeza, meza imekubali, soli ya ndani ina alama hafifu tu. Tumeishia 47,000. Kisigino kilicheza kidogo, nikapitisha kamba kwenye tundu la juu kabisa, lile ambalo siku zote nadhani ni pambo, kikatulia.

Sijakimbia bado, napumzisha miundi kama nilivyoambiwa. Shemeji nimemwambia asubiri. Kanuna.

MzeeWaPeku
Mchanga wa Raskazone haukudai hata senti.