Rangi za kucha na asetoni kwenda Moroni, posta wamenirudishia boksi

Duka_Kariakoo: Habari za jioni wakuu. Mteja wangu wa Moroni anataka rangi za kucha dazeni mbili na chupa sita za nusu lita za asetoni ya kufutia rangi. Nimefunga vizuri tu. Kaunta wakaniuliza ndani kuna nini, kusikia asetoni wakanisogezea boksi langu. Mbona dukani zinakaa rafu moja na losheni? Nifanyeje?

Kijana_wa_Mjini: Andika "vipodozi" nenda kaunta nyingine. Maisha yaendelee.

Mpakiaji_Vingunguti: Dada, huyo usimsikilize. Likivuja ndani ya ndege, jina kwenye fomu ni lako, si lake. Kwa namba za kimataifa za mizigo hatari, asetoni ni UN1090, rangi ya kucha UN1263, zote daraja la 3, vimiminika vinavyowaka. Mvuke wa asetoni unadaka cheche hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, sasa piga hesabu na joto letu hili. Vifurushi vya nje mara nyingi hupanda ndege za abiria, ndiyo maana posta hawagusi hata ufunge namna gani.

Tafuta wakala wa meli, umpe orodha ya kweli. Mzigo wako unaingia kwenye utaratibu wa kiasi kidogo: asetoni isizidi lita 1 kwa chupa, boksi zima lisizidi kilo 30. Kifuniko kizungushie selotepu, chupa uziingize kwenye mfuko wa plastiki na pamba ya kutosha kunywa yote ikipasuka. Zisijae mpaka shingoni, kimiminika hutanuka. Na boksi liwe jipya, tafadhali. Haya ya Kariakoo yaliyoandikwa biskuti tumeyachoka. Nje bandika stika ya almasi, pembe ya juu na ya chini nyeusi, katikati nyeupe, sentimita 10 kila upande. Ongeza mishale ya kuelekea juu, pande mbili zinazotazamana. Selotepu isipite juu ya stika.

Duka_Kariakoo: Ubarikiwe kaka. Na taa ndogo ya kukaushia jeli ya kucha, ile ya kuchaji?

Mpakiaji_Vingunguti: Betri ya lithiamu-ioni ikiwa ndani ya taa ni UN3481, hiyo ina nafuu, ila kaulize kaunta kabla hujafunga, na swichi uizuie isijiwashe. Betri za akiba peke yake usipeleke posta.