Naomba mwongozo: nataka kuwaona wafinyanzi wa vyungu Tabora na Kigoma

Mzururaji_Dar
Wadau habari zenu. Mwezi wa saba nina likizo, napanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma ila nashuka Tabora kwanza nikae siku chache ndo niendelee. Ninachokitafuta ni kazi za mikono, hasa vyungu, na sitaki kununua tu stendi au sokoni mjini, nataka nifike kijijini kwa akina mama wenyewe, wale wenye banda la kupanga kazi zao, unaingia unaangalia unachagua na ukibahatika unawakuta wanafinyanga. Sasa je, mtu unaibuka tu au unatoa taarifa kwanza? Bei zikoje? Na vinafikaje Dar vikiwa vizima, maana mama anataka mtungi wa maji na mimi nataka chungu cha maharage. Anayejua anielekeze tafadhali.

Mwana_Unyanyembe
Mwangaluka mkuu, karibu sana Tabora. Mwezi umechagua vizuri, huku mvua inaanza Novemba hivi mpaka Aprili, kipindi hicho akina mama wengi wako shamba na hata chungu chenyewe hakikauki, kwahiyo kiangazi ndo utaikuta kazi imechangamka. Chukua bodaboda anayekijua kijiji, na ukifika pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe, haichukui muda na wenyeji wanakuwa na amani na wewe. Halafu shikamoo kwa wakubwa, ukae, uongee, kamera iache kwenye begi mpaka uruhusiwe. Nasema hivi kwasababu nimeshaona wageni wanashuka kwenye gari wanampiga picha bibi wa watu mikono imejaa udongo, wanaondoka hata kikombe hawajanunua, inauma sana.

Kwihara nayo usiiache, ni kama km 6 tu toka mjini, lipo tembe, ile nyumba ya udongo ya zamani, alilokaa Livingstone mwaka 1872, na mlango wake wa kuchonga pekee unatosha kukufanya usimame uutazame kwa mtu anayependa kazi za mikono. Asali utanunua ukitaka, hiyo Tabora haina shida.

Binti_Kasulu
Mimi nimekulia kwenye nyumba ya wafinyanzi kwahiyo niruhusu niandike kirefu kidogo.

Kaka, jaribu ufike asubuhi ukae na mtu mmoja umwangalie mwanzo mwisho. Udongo unachimbwa bondeni, unatolewa mawe na mizizi, unalowekwa, halafu unachanganywa na mchanga au vigae vya vyungu vilivyovunjika vilivyotwangwa, hivyo ndo vinavyofanya chungu kisipasuke kwenye moto. Hakuna mashine ya kuzungusha, mama anaviringisha udongo unakuwa kama kamba nene anaupandisha duara juu ya duara, anazunguka yeye ameinama, mkono mmoja ndani mmoja nje, anapara na kipande cha kibuyu mpaka ukuta unakuwa mwembamba sawasawa kote. Shingoni anaviringisha gunzi la mhindi au kikamba kilichosokotwa udongo ukiwa bado mbichi, na hayo ndo yale marembo unayoyaona. Chungu kikikauka nusu anakisugua na kokoto laini ya mtoni mpaka kinang'aa. Baada ya hapo kivulini siku nyingi, jua kali likikipiga mapema kinapasuka, na siku ya kuchoma ndo roho inakaa juu, maana vinapangwa pamoja na kuni na nyasi hapohapo uwanjani bila tanuri, upepo ukigeuka ghafla unaweza kupoteza kazi ya wiki nzima.

Ndo maana bei naomba sana usimkandamize. Kuomba apunguze kidogo ni kawaida yetu wote, lakini mtu anataka mtungi kwa bei ya ndoo ya plastiki wakati kuni zimenunuliwa na mgongo unauma, hapana. Vijana wengi hawataki tena kujifunza na sababu kubwa ni hiyo, wanaona mama zao wanavyolipwa.

Kuchagua: kipige kwa kifundo cha kidole, kikilia ngiii kizima, kikitoa sauti butu kina ufa hata kama huuoni. Madoa meusi usiyaogope, ni moshi wakati wa kuchoma. Mtungi wa mama usichukue uliopakwa rangi au vanishi, siku hizi wanapaka ili wageni wapende, lakini mtungi unapoza maji kwasababu unatoka jasho, maji yanapenya taratibu mpaka nje, upepo ukiyakausha ndo ya ndani yanapoa, ukiziba kwa rangi umebaki na pambo tu.

Ukiendelea na treni utapita Uvinza pale kwenye chumvi. Watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi zile kwa vyungu vya udongo tangu zamani sana, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya zaidi ya miaka 1000. Kwahiyo hii kazi huku sio ya kuigiza kwa ajili ya watalii.

Mzee_wa_Behewa
Nakuongezea usafirishaji. Kidogo ndani ya kikubwa, katikati jaza nyasi kavu au nguo zako, nje zungushia kitenge halafu gunia, mdomo ukae juu. Usiviache viende na mizigo mingine, panda navyo na uviweke chini miguuni, kule juu treni ikifunga breki vinakuja navyo vichwani kwa watu. Na nunua unaporudi, sio unapoenda, vinginevyo utazunguka na mtungi Ujiji nzima.

Mzururaji_Dar
Asanteni sana aisee, Binti_Kasulu ubarikiwe. Nimeamua, vyungu nachukua Tabora wakati wa kurudi. Swali la mwisho, mimi napikia gesi, hicho cha maharage kitahimili?

Binti_Kasulu
Kitahimili ila usikipeleke kwenye moto kikiwa kipya. Kiloweke usiku kucha, kesho yake chemsha uji mwepesi wa mahindi au muhogo humo ndani, uache upoe humohumo, ule wanga unaziba vitundu hakivuji tena. Kwenye gesi anza moto mdogo kabisa uongeze taratibu, chungu kisiwe kitupu, na kikishapata moto usimwagie maji baridi wala usikitue kwenye sakafu ya saruji, weka ngata. Sabuni pia acha, udongo unainywa halafu maharage yananukia sabuni, maji ya moto na kibrashi vinatosha. Na ukipata mawese ya Kigoma pika samaki wa mgebuka humohumo.